Mwenye Jezi ya Njano

Jumatatu, 6 Januari

Baba, shikamoo.

Kondakta wa basi akishakupa bahasha hii mwambie nimemshukuru, halafu kaa mahali penye mwanga usome. Mimi sijambo. Kikohozi cha mvuke wa pasi kimepungua tangu walipotufungulia dirisha la pili kule chumba cha kufulia. Wewe hali yako? Mgongo unakuachia usingizi?

Nina mambo mawili. La kwanza unalijua. Nilipokuja mwezi uliopita ulinimiminia chai, ikajaa kwenye sinia, kikombe kikabaki kitupu. Sikusema kitu kwa sababu ulikuwa katikati ya simulizi. Baba, nimeongea na daktari wa macho wa hapa. Anasema huo ni mtoto wa jicho, utando tu, unatolewa asubuhi na jioni mtu analala kwake. Usipotolewa unazidi kuwa mnene mpaka giza kabisa. Nafasi ipo katikati ya mwezi wa tatu. Njoo, nakuomba.

La pili ni la kucheka. Hapa hotelini wafanyakazi tuna mchezo wa kwenye simu. Kila mtu anaunda timu yake ya kubuni, anachagua wachezaji wa kweli kutoka timu mbalimbali za ligi. Wakifanya vizuri mwisho wa wiki unapata pointi. Bao lina pointi, pasi ya bao ina pointi, kipa na mabeki wasipofungwa nao wana pointi. Mmoja unamfanya kapteni, zake zinahesabiwa mara mbili. Kila wiki unaruhusiwa kubadilisha mmoja au wawili. Sasa tumefika nusu ya msimu na mimi ndiye wa mwisho. Mpishi mkuu yuko mbele yangu kwa mbali, na kila nikipita jikoni na kapu la vitambaa ananiita Taulo Bichi.

Wewe ulikuwa kipa, na hakuna mechi ya redioni inayokupita. Wachezaji wangu nimewaandika nyuma ya karatasi. Nimwache nani, nimchukue nani?

Mwanao.


Jumatano, 8 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika na nimeisoma mwenyewe, usidhani nimesomewa. Imenichukua mchana mzima lakini nimeimaliza. Hali yangu ni nzuri kuliko ya vijana wa mtaa huu, ambao wakipandisha baiskeli kilima kidogo tu wanahema mpaka unawaonea huruma. Mgongo upo, hauendi popote. Hicho kikohozi kinywee maji ya moto, na huyo bosi aliyekaa siku zote bila kufungua dirisha mwambie baba yako hamsalimii.

Kuhusu chai, kikombe ndicho kilichosogea. Ile meza mguu wake mmoja ni mfupi. Na huyo mtoto wa jicho mimi simjui, watoto wangu ni watatu na wote nimewalea. Mimi hapa nanyoosha rimu iliyopinda kuliko fundi yeyote, na wao wana macho ya ujana na vipimo vya dukani. Nalizungusha gurudumu, nagonga spoku moja moja kwa kidole, inayolia tofauti na wenzake naikaza. Tundu la pancha nalisikia linapumua kwenye karai la maji kabla wewe hujainama. Sasa mtu wa namna hii daktari atamfanya nini zaidi?

Ya mpira umekuja kwa mwenyewe. Shule mimi niliiacha darasa la tatu, lakini golini nilikaa mpaka nywele zikaanza kuniaga. Mshambuliaji aliyetaka kunifunga alikuwa anaaga kwao kwanza. Sikiliza basi.

Huyo mshambuliaji wako anayeimbwa kila mahali, mwondoe. Mtangazaji akimtaja sauti inapanda, inapanda, halafu inashuka. Wiki nne sasa inapanda na kushuka. Maana yake anakosa. Chukua yule kiungo mkabaji wa timu ya mkiani, mimi namwita Bawabu. Mtangazaji akimtaja hapazi sauti, anamtaja kama anavyotaja hali ya hewa, lakini sikiliza vizuri, kila kabla ya bao lao jina lake limepita. Huyo ndiye kapteni. Kipa mchukue wa ile timu ndogo, anayewapigia mabeki kelele mpaka redio inamnasa. Kipa bubu ni mti wa tatu wa goli. Na beki wako wa kulia na huyo winga waliwahi kugombana, nilisikia. Watenganishe, hawatapeana mpira.

Sasa sharti langu. Timu yako ikimpita mpishi kabla mwezi wa pili haujaisha, habari ya macho yangu usiitaje tena mpaka nife. Isipompita, nitapanda basi mwenyewe, unipeleke kwa huyo daktari anitoboe anavyotaka. Na kuanzia leo mpaka siku hiyo neno hilo lisitoke kwenye kalamu yako hata kwa bahati mbaya.

Baba yako, kipa.


Jumatatu, 20 Januari

Baba, shikamoo.

Nakusalimu nikiwa nimekaa juu ya kapu la shuka, mashine inazunguka, ndiyo maana mwandiko unatetemeka. Kikohozi kimeisha, maji ya moto yamefanya kazi. Wewe umeamkaje huko? Barua yako nilikaa nayo sana, mistari inapandana mgongoni, lakini nimetoa kila kitu.

Sharti nimelikubali.

Sasa habari. Nilikataa kidogo moyoni kumfanya Bawabu kapteni, hakuna mtu hapa aliyewahi kumchagua. Nikamweka hivyo hivyo. Wiki ya kwanza pasi mbili za mabao. Wiki ya pili pasi moja, na bao lake mwenyewe la kichwa. Kipa mpiga kelele hajafungwa. Nimetoka mkiani, nimewapita mlinzi wa getini na dada wa mapokezi. Mpishi amekuja mwenyewe kufulia, na aproni mkononi kama kisingizio, akaniuliza nani ananipa siri. Nikamwambia ni fundi baiskeli. Akasema ningesema tu kwamba sitaki kumwambia.

Ila Baba, hao wachezaji hawakutani. Kila mmoja anacheza kwenye timu yake. Timu yangu iko kwenye simu tu, kwa hiyo beki na winga hata wakichukiana hakuna neno.

Ninachoshangaa ni kwamba unawachagua kwa redio tu. Na ninavyopanda hivi, nikimpita mpishi nimeshindwa na wewe. Wenzangu wakishangilia mimi nakosa pa kuangalia.

Mwanao.


Jumatano, 29 Januari

Mwanangu,

Marahaba, na pole ya kukalia makapu. Mimi mzima kama kengele mpya. Mvua imenipa kazi, breki za watu wote zimeliwa na tope. Hata mkunga kaniletea yake.

Timu ambayo watu wake hawaamkiani siielewi ni timu gani, lakini sawa, dunia yenu.

Umeniandikia kwamba nachagua kwa redio tu. Hiyo "tu" yako imenikaa kooni. Kama mtu hana kitu kingine ila redio. Basi Jumamosi nimefunga kibanda mapema, nimekwenda kwa kinyozi, pale kwenye televisheni kubwa ya ukutani, nikakaa benchi la mbele kabisa. Kinyozi alikuwa amezima sauti ya mpira anapiga muziki wake, watu wamejaa, mashine ya kunyolea inalia. Sikumuuliza mtu kitu. Nimeangalia mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho, wekundu na weupe.

Na nimemwona mtu. Tena sijawahi kuona mchezaji wa namna ile, na mimi nimeona wengi. Amevaa njano. Nadhani siku hizi wanamruhusu mmoja avae tofauti. Mpira ukienda yupo, ukirudi yupo, hachoki. Ajabu yake ni kwamba mpira hataki hata kuugusa. Wote wanakimbilia mpira, yeye anakimbilia nafasi. Huo ndio ukubwa wenyewe. Mtu akianguka yeye ndiye wa kwanza kufika. Wakishikana mashati anaingia katikati, ananyoosha mkono, wote wananyamaza, hata wale wakubwa wanarudi nyuma. Hakuna aliyethubutu kumkaba. Na mchezo ulikuwa wa kistaarabu, refa sikumwona hata mara moja, zamani zetu yule bwana wa nguo nyeusi ungemwona kila mahali.

Namba yake sikuipata kwa sababu hakunipa mgongo. Wewe mtafute, aliyevaa njano mechi ya Jumamosi, hawawezi kuwa wawili. Mchukue kwa vyovyote. Bawabu mvue ukapteni, mpe huyu.

Uniambie sasa kama hiyo ni redio.

Baba yako, aliyeona.


Jumatatu, 3 Februari

Baba, shikamoo.

Natumaini kazi ya breki haijakuumiza mgongo, na umekula vizuri wiki hii. Huku tuko salama. Hoteli imejaa wageni, shuka hazikauki kwa wakati, tunazimalizia kwa pasi.

Barua yako nimeisoma mara moja tu, nikaenda kusimama dirishani kidogo. Jioni nikaitazama ile mechi kwenye simu. Nimemwona huyo mtu wako wa njano. Ni kweli kama ulivyosema, hachoki, na wote wanamsikiliza.

Lakini hanunuliwi, Baba. Nimepitia majina yote ya timu zote mbili, hayumo. Hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa naye, si mimi, si mpishi. Kwa hiyo wiki hii nimemwacha Bawabu na ukapteni wake. Nipe jina lingine kama unataka mabadiliko.

Zaidi ya hapo sina ruhusa ya kusema, tulikubaliana mimi na wewe. Ukitaka kumjua mtu yule, kinyozi yuko karibu.

Naweza kukuambia tu kwamba nimebakiza kumpita mmoja, halafu ni mpishi.

Mwanao anayekukumbuka.


Jumatano, 5 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Mchezaji yupo uwanjani mbele ya watu maelfu, wewe unaniambia hayumo. Wamemficha, au huyo mpishi amewahi kumchukua akakwambia hayupo. Mtafute vizuri. Mimi simuulizi kinyozi, kinyozi hajui mpira, anajua ndevu.

Mpaka atakapopatikana sikupi jina lingine. Timu ibaki ilivyo.

Baba yako.


Jumatatu, 3 Machi

Baba, shikamoo.

Nakuandikia bila kujua unaendeleaje, na hilo silipendi. Kila Alhamisi nimekwenda stendi kulisubiri basi. Kondakta ananiambia mzee ni mzima, yuko kibandani, ila leo hana mzigo wako. Wiki iliyopita alisema ulimnunulia soda na hukusema neno. Wewe kukaa na mtu bila kusema neno, nikaogopa. Nieleze kama unaumwa.

Mimi nimekuandikia kwa sababu ahadi ni ahadi. Mwezi wa pili umeisha. Timu nimeiacha kama ulivyosema, sikugusa mtu. Siku ya mwisho Bawabu alifunga kwa mbali, kipa wako akaokoa penalti dakika za mwisho mwisho, na nimempita mpishi kwa pointi mbili. Amenivulia kofia mbele ya jiko zima. Sasa naitwa Mheshimiwa Taulo.

Kwa hiyo umeshinda. Lile jambo silitaji tena, leo wala siku nyingine. Hapa ndipo mwisho wake kwa upande wangu.

Nakuombea heri, na uniandikie hata mistari miwili.

Mwanao.


Jumatano, 5 Machi

Mwanangu,

Marahaba, mama. Nimepokea salamu zako zote, na hofu yako pia nimeipokea. Siumwi. Chakula nakula, ingawa mwezi uliopita sikuisikia ladha yake.

Nilikwenda kwa kinyozi. Nilijiambia nakwenda kunyoa ndevu tu, na ndevu kweli zilikuwepo. Akiwa ameshawasha mashine nikamuuliza kama mzaha, yule mwenye njano wa Jumamosi ile anachezea nafasi gani. Akazima mashine. Watu walikuwepo, akainama akaniambia sikioni, taratibu, ili wasisikie.

"Mzee wangu, yule ni refa. Siku hizi wanavaa rangi."

Nikamwambia najua, nilikuwa nakupima. Akasema ndiyo mzee. Akawasha mashine, akaninyoa vizuri, hakucheka. Angecheka ningemtukana na yangeisha pale pale. Hakucheka, ndiyo maana nimeshindwa kulala.

Wiki ile ile walikuja mkunga na muuza mikate kuchukua baiskeli zao, nikamkabidhi mkunga ya muuza mikate. Akaipanda mpaka kona, akarudi na kapu la mikate nyuma yake, wote wawili wakacheka mpaka machozi. Mimi nikacheka nao. Walipoondoka nikakaa.

Halafu nikafikiri hivi. Mimi huku nataja majina, wewe ndiye unayebonyeza. Ungeweza kila wiki kuweka watu wa ovyo, mpishi akabaki mbele, ukaniandikia Baba umeshindwa, njoo. Ningejuaje? Na ulikuwa unataka nije kuliko kitu chochote, hata mimi najua kusoma hilo. Hukubonyeza. Umeniweka Bawabu wangu kapteni mpaka siku ya mwisho, umenifanya nishinde, halafu umenyamaza kama tulivyopatana. Ungeweza pia kuniambia habari ya yule mtu wa njano na kicheko juu yake. Umesema tu hanunuliwi.

Iandikwe kwamba sharti nimeshinda. Mpishi ajue. Sharti lilisema wewe usilitaje tena jambo hilo. Halikusema mimi.

Basi nalitaja. Yale magurudumu nayanyoosha kwa sikio kweli, sikudanganya. Lakini nimeanza kuyanyoosha kwa sikio kwa kuwa njia nyingine haikuwepo. Nakuandikia kwa penseli nene ya kuchorea mbao na bado mstari siuoni mpaka niuguse. Kama ile nafasi ya daktari bado ipo, nakuja. Siji kama mtu aliyefungwa. Nakuja kama mshindi aliyeamua kutembea.

Nitapanda basi la Jumapili. Unisubiri pale pale mlangoni mwa basi, usikae mbali ukanipungia mkono.

Baba yako.


Jumatano, 9 Aprili

Mwanangu,

Nakusalimu kutoka kibandani kwangu, salama, tumbo limejaa, na mgongo umenipokea kwa maumivu yale yale kana kwamba sikusafiri. Huko hamjambo? Wasalimie wenzako wa kufulia. Mpishi msalimie mara mbili, mchuzi wake ulikuwa mzuri lakini usimwambie, atavimba.

Tazama mwandiko. Kalamu ya wino, na mistari imelala kila mmoja kitandani kwake. Jicho la pili daktari amesema mwezi wa sita, nitakuja, hatuna haja ya kuwekeana sharti tena, utashindwa tu.

Jumamosi nilikwenda kwa kinyozi, nikakaa benchi la nyuma makusudi. Nimemwona yule bwana. Ni refa kweli, ana filimbi na kitambi kidogo. Lakini nakwambia mbio zile si za mchezo, na siku watakayoanza kumuuza nataka uwe wa kwanza kumnunua. Bawabu naye nimemwona. Ni mfupi kuliko anavyosikika. Abaki kapteni.

Huyo uliyemweka mbele wiki iliyopita bila kuniuliza mwondoe, anaangalia nywele zake kwenye televisheni kubwa ya uwanjani. Hilo redio haikuwahi kuniambia.

Ile meza nimeipima. Miguu yote minne iko sawa. Sijui kikombe kilisogezwa na nini.

Liko neno moja ambalo siku ile sikulisema kwa sababu daktari alikuwa amesimama pale. Alipotoa bandeji nilimwona kwanza nesi, nikadhani ni wewe, nikamshika mkono, akaniachia tu niushike. Halafu ukaja wewe kutoka upande wa dirisha. Nilikunyamazia, ukaniuliza Baba unaniona, nikakujibu kwa ukali kwamba mimi siku zote naona. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakutazama. Sura niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya zamani, ya msichana aliyeondoka hapa na begi moja. Una mvi, mama, juu ya sikio la kushoto. Hukuniandikia kama una mvi.

Usizipake rangi. Ndiyo kwanza nimeziona.

Baba yako.